Sio Kidole Tumbo, Shosho: Tundu Dogo Lilivyochelewa Kupanda Mlimani Kwetu

Juzi tulikuwa jikoni kwa shosho, Karatina, tukimenya viazi vya mukimo. Binamu yangu akainama kuokota kisu kilichoanguka, blauzi ikapanda kidogo, na kale katoto ka shangazi, miaka sita tu, kakauliza kwa sauti: "Hapo tumboni ulichorwa na nani?"

Kimya. Shosho akaokoa jahazi: "Ni kidole tumbo tu, ilitolewa."

Binamu yangu akaendelea kumenya. Halafu akasema polepole, "Sio kidole tumbo, shosho."

Amenipa ruhusa niandike, bila jina lake, bila shule, bila hospitali. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Maumivu yalimshika ghafla upande wa kulia, chini ya kitovu, akatapika mara tatu usiku. Akapewa vidonge vya maumivu. Kesho yake akaambiwa ni hedhi, avumilie kama wenzake. Siku ya tatu akaambiwa anaogopa mtihani. Alipofika hospitali alikuwa hawezi kunyooka. Wakapasua wakidhani ni kidole tumbo, wakakuta ovari imejinyonga, nyeusi tititi. Wakaitoa. Mzazi aliambiwa "upasuaji umeenda vizuri". Binamu yangu alijua ana ovari moja baada ya mwaka mzima, siku aliyosoma karatasi ya kutoka hospitali akitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye droo.

Nimekaa na hiyo stori wiki mbili. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kitu kimoja: huu upasuaji wa tundu dogo, ule wa kamera, ambao tunausikia kama kitu cha juzi cha matajiri wa Nairobi, umeanza lini? Na mbona haukumfikia?

Kumbe sio cha juzi. Una zaidi ya miaka mia moja. Kaa chini nikusimulie.

Kwanza ilikuwa kisu na maombi

Desemba 1809, Kentucky, Marekani. Mama mmoja anaitwa Jane Todd Crawford ana tumbo kubwa, watu wanadhani ana mimba. Daktari Ephraim McDowell anamwambia sio mtoto, ni uvimbe wa ovari, na hakuna aliyewahi kuutoa mtu akapona. Yule mama akapanda farasi karibu kilomita 100 hadi nyumbani kwa daktari, Danville. Weka akilini: ni kama utoke Nyeri town uende karibu na Thika juu ya farasi, na tumbo hilo. Dawa ya usingizi haikuwa imegunduliwa. McDowell akampasua akiwa macho, akatoa uvimbe wa zaidi ya kilo 10. Mama akapona, akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kabla hujasema haya ni mambo ya wazungu, njoo huku kwetu. Mwaka wa 1879, mmishonari Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo. Akashuhudia mganga wa huko akimpasua mama mjamzito ambaye mtoto alikataa kutoka. Mama alipewa pombe ya ndizi alewe, na hiyo hiyo pombe ikatumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Mtoto akatolewa, kidonda kikafungwa kwa misumari midogo ya chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin alipoondoka baada ya siku kadhaa, mama na mtoto walikuwa hai. Aliandika habari hizo zikachapishwa mwaka wa 1884. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba watu wetu hawakuwa na akili ya kupasua tumbo la mama na kulifunga.

Lakini kati ya hizo stori mbili kuna ya tatu, na hiyo ndiyo iliniuma. Mwaka wa 1872, daktari mwingine wa Marekani, Robert Battey wa Georgia, alianza kutoa ovari zisizo na ugonjwa wowote. Eti maumivu ya hedhi, eti kifafa, eti "wazimu wa kike". Madaktari wengine wakafuata, Marekani na Ulaya, na maelfu ya wanawake wakatolewa ovari nzima nzima. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa tiba: msichana analalamika, toa.

Shika hapo. McDowell alitoa ili kuokoa mtu. Battey alitoa kwa sababu kutoa kulikuwa rahisi kuliko kusikiliza. Historia yote iliyobaki ni ugomvi kati ya hao wawili.

Halafu mtu akachungulia

Mwaka wa 1901, Mjerumani Georg Kelling alijaza hewa tumbo la mbwa, akaingiza bomba lenye taa na lenzi, akachungulia ndani bila kupasua. Mwaka wa 1910, Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akafanya hivyo kwa binadamu. 1910! Mwaka huo, huku kwetu, Daktari Horace Philp wa misheni ya Scotland alikuwa ndiyo anaanza anza kazi ya hospitali pale Tumutumu, kilomita chache kutoka jikoni kwa shosho.

Miaka ya 1940, Paris, daktari wa wanawake Raoul Palmer akaanza kuchungulia nyonga za kina mama waliokosa watoto. Alimlaza mgonjwa kichwa chini kidogo, matumbo yakateleza juu, na mfuko wa uzazi, mirija na ovari vikaonekana wazi. Hiyo ndiyo milimita chache iliyobadilisha mambo: sasa unaweza kuona kabla ya kukata.

Halafu akaja Kurt Semm, Kiel, Ujerumani. Huyu alikuwa daktari wa wanawake pia, na fundi wa vyuma. Alitengeneza mashine ya kupima gesi inayoingia tumboni, vifaa vya kushona, vya kuzuia damu. Mnamo Septemba 1980 akatoa kidole tumbo kwa tundu dogo. Madaktari wa upasuaji wakamrukia. Wengine walitaka asimamishwe kazi. Kuna wakati wenzake walimtaka akapigwe picha ya ubongo, waone kama yuko sawa. Leo wanaomcheka hawapo, na njia yake iko kila nchi.

Kazi yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida: unalazwa usingizi kabisa. Tundu moja kwenye kitovu, la sentimita moja hivi. Gesi ya kaboni inajaza tumbo kama puto ili kuwe na nafasi. Kamera inaingia, picha inatokea kwa skrini. Matundu mengine mawili au matatu, ya nusu sentimita, yanapitisha mikasi na vibanio. Ovari ikiwa imejinyonga, inazungushwa irudi. Ikiwa na uvimbe, uvimbe unabanduliwa kama unavyobandua ganda la yai la kuchemsha, ovari inabaki. Wengi wanaenda nyumbani siku hiyo au kesho yake. Na kwa msichana kuna faida nyingine kubwa kuliko kovu: tumbo likipasuliwa sana, ndani mara nyingi nyama zinagandana, na kugandana huko kunaweza kuziba mirija. Ukiwa na miaka 15, hiyo ni habari ya maisha yako yote.

Ilivyotufikia huku

Hapa ndipo nilikasirika kidogo, nitajaribu kuandika kwa adabu.

Mwaka wa 1967 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa mpango, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane, na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka kwa kasi kuliko karibu nchi yoyote duniani. Wafadhili walikuwa na wasiwasi. Kipindi hicho hicho, kwa pesa za serikali ya Marekani, mradi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ulianza kufunza madaktari kutoka nchi zinazoendelea kutumia ile kamera ya tumboni, na kuwapa mashine warudi nazo. Kazi kuu ya mashine hizo? Kufunga mirija ya uzazi.

Sisemi ni njama. Shosho wangu mwenyewe alizaa tisa, na anasema angepata njia mapema angekomea watano. Wengi walitaka. Lakini tazama hili: Julai 1978, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa maabara. Mama yake mirija ilikuwa imeziba. Yai lake lilichotwaje? Kwa tundu dogo, na Patrick Steptoe, daktari wa Oldham. Lenzi ni ile ile, miaka ni ile ile. Kule ilimtafutia mama mtoto. Katika nchi kama zetu ilitumwa kwanza kufunga.

Na msichana wa miaka 15 mwenye ovari iliyojinyonga hakuwa kwenye mpango wa yeyote. Hakuwa anahesabiwa.

Mwili uliopiganiwa na kila mtu

Si mara ya kwanza. Huku Mlima Kenya tunajua kupigania mwili wa msichana. 1929, misheni za Tumutumu, Kikuyu na Chogoria zilitaka waumini waweke kidole gumba kwenye karatasi, kirore, kuapa kwamba wataacha tohara ya wasichana. Makanisa yakagawanyika, shule huru zikazaliwa, siasa ikawaka. 1956, Meru, baraza la Njuri Ncheke likapiga marufuku tohara hiyo, na wasichana wakaanza kujitahiri wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Zaidi ya watu 2,400 wakashtakiwa.

Nieleweke: tohara ya wasichana ni madhara, ni kosa kisheria, sheria ya 2011 iko wazi, na mimi niko upande wa sheria. Ninachosema ni kingine. Wamishonari, wazee, wanasiasa, serikali ya mkoloni, wote walikuwa na maoni juu ya nyonga ya msichana. Wote walijua inapaswa kufanywa nini. Lakini swali la kawaida kabisa, "inakuuma wapi?", ni nani alikuwa akiuliza? Mila ilimfunza msichana kwamba kulia kwa maumivu ni aibu. Shule ya bweni ikalirithi hilo somo bila kujua. Metroni aliyemwambia binamu yangu avumilie hakuwa mtu mbaya. Naye aliambiwa hivyo hivyo.

Lenzi kama shahidi

Mwaka wa 1976 daktari mmoja wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha utafiti wa kamera hiyo kwa wanawake weusi. Wakati huo vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba endometriosisi, ule ugonjwa ambapo nyama kama za ukuta wa mfuko wa uzazi zinaota nje yake, ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye pesa. Mwanamke mweusi akilia nyonga, aliandikiwa maambukizi, kwa maana nyingine aliambiwa ni tabia zake. Chatman akachungulia. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi, na baadhi yao walikuwa tayari wameshaandikiwa maambukizi.

Unaona kazi ya tundu dogo? Kabla ya kutibu, lilitoa ushahidi. Lilisema: huyu hasingizii.

Sisi Wakenya shahidi wetu alikuwa Njambi Koikai. Wengi mlimjua kama Jahmby, sauti ya rege. Maumivu yalimwanza akiwa na miaka 13. Endometriosisi ikapanda hadi mapafuni, pafu likawa linaporomoka kila mwezi. 2018 alienda Atlanta kufanyiwa upasuaji, akarudi, na badala ya kunyamaza akatumia kila kipaza sauti alichopata kuwaambia wazazi: mwaminini binti yenu. Alifariki Juni 3, 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huo unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Piga hesabu kwa darasa la wasichana 50. Ni watano. Wako pale bwenini sasa hivi, na chupa ya maji moto tumboni.

Ile ovari nyeusi

Turudi kwa binamu yangu. Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kwamba ovari iliyojinyonga na kuwa nyeusi imekufa, na kwamba ukiizungusha utaachilia mabonge ya damu yaende mapafuni. Kwa hivyo, toa. Baadaye watafiti wakajaribu kuizungusha na kuiacha. Mabonge hayakuja kama ilivyohofiwa, na ovari nyingi, hata zile nyeusi, zikarudi kufanya kazi. Rangi ilikuwa inadanganya. Mwaka wa 2019 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilitoa mwongozo ulio wazi kwa wasichana: zungusha, hifadhi, usitoe kwa kuangalia rangi tu.

Na hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu nikiishia kusema "tununue mashine" nitakuwa nimewadanganya. Tundu dogo pekee si uokovu. Daktari wa tundu dogo anaweza kutoa ovari ambayo angeiacha. Daktari wa kisu cha kawaida, kwa mkato mdogo pale chini, anaweza kuizungusha, kuirudisha na kufunga. Nikichagua, namchagua huyo wa pili. Tena kuna uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, ambao haufai kupasukia tumboni, na hapo mara nyingine mkato mkubwa ndio salama. Cha maana zaidi ya tundu ni nia ya kuokoa ovari.

Lakini tusijifariji pia. Mashine tumeshawahi kuletewa. 2015 serikali kuu ilikodi vifaa vya vyumba vya upasuaji, figo, wagonjwa mahututi na picha kwa hospitali za kaunti zote, mabilioni ya shilingi, na baadaye Seneti ikachunguza huo mkataba na kuukosoa vikali. Desemba 2018 Nyeri ilikuwa moja ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, na watu wengi wa huku walionja matibabu bila malipo. Tunajua inavyokuwa. Kamera ya tumboni inataka mtu wa dawa ya usingizi usiku wa manane, gesi, stima isiyopotea, mtu wa kusafisha vifaa, na daktari aliyezoea. Ikikosa mmoja, inakuwa kabati ghali. Na kutoka Chuka, Kerugoya, Nanyuki au Othaya, rufaa ya kwenda Nairobi ni saa kadhaa. Ovari iliyojinyonga haina hizo saa za kuchezea.

Kitu cha kwanza si ghali. Ni skani. Na hiyo nayo ina historia tamu: Ian Donald wa Glasgow, miaka ya 1950, alichukua mashine ya viwandani ya kutafuta nyufa kwenye chuma akaijaribu kwa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mama aliyeambiwa ana saratani isiyotibika. Skani ikaonyesha uvimbe wa ovari wa kawaida. Ukatolewa, akapona. Leo skani iko karibu kila mji wa mlima huu. Msichana anayetapika kwa maumivu ya upande mmoja anastahili skani siku hiyo hiyo, na sio siku ya tatu.

Kwa hivyo kama wewe ni mzazi, mwalimu, metroni au dada mkubwa, nina maombi matatu. Maumivu ya ghafla upande mmoja chini ya tumbo, na kutapika: usingoje asubuhi. Maumivu ya hedhi yanayomtoa mtoto darasani kila mwezi: hayo sio "ya kawaida", mpeleke. Na kabla ya kutia sahihi ile karatasi ya upasuaji, muulize daktari kwa heshima, lakini uulize: "Daktari, mkikuta ni ovari, mtajaribu kuiokoa? Na mkitoa chochote, mtatuambia?" Madaktari wazuri hawakasiriki kwa swali hilo, wanashukuru.

Binamu yangu yuko sawa. Ana miaka 22, ovari moja inatosha kumpa watoto akitaka, ameelezwa hivyo na daktari aliyempa muda wa kumsikiliza. Kinachomuuma si ile iliyotoka. Ni ule mwaka mzima ambao kila mtu alijua kitu kuhusu mwili wake isipokuwa yeye.

Ile siku jikoni, baada ya kusema sio kidole tumbo, shosho aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwa leso. Akamwuliza, "Kwani ilikuwa nini, mami? Hukuwahi kuniambia."

Binamu yangu akamwambia, "Hukuwahi kuniuliza, shosho."

Basi akakaa, akamuuliza. Viazi viliungua kidogo, lakini tulikula tu.